Msalaba wa Njano

Tarehe mosi Agosti, asubuhi, Ngalula hakuwa na pa kwenda. Siku hiyo Kongo nzima husherehekea wazazi. Asubuhi ni zamu ya waliokufa, watu wanabeba majembe na ndoo za maji kwenda kusafisha makaburi. Mchana ni zamu ya walio hai, wanachinjiwa kuku na kuvishwa vitenge vipya. Ngalula alikuwa na zamu ya mchana tu. Binti yake Plamedie, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa, humletea sabuni ya kunukia na soda, wakala, wakacheka, siku ikapita. Asubuhi yake alikuwa akijitafutia kazi. Alikuwa akifua hata nguo zilizokwisha kufuliwa.

Baba yake, Casimir fundi cherehani, alizikwa Mwene-Ditu, mbali mno kwa mtu mwenye jembe na ndoo. Mama yake, Ntumba, hakuzikwa mahali penye jina. Alifia ndani ya treni, ng'ambo ya Kamina, mwaka ule watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, waliozaliwa huku na waliohamia, wote kwa pamoja. Treni ilisimama porini kwa sababu zake yenyewe. Wanaume wakashuka na maiti zao. Casimir alichimba kwa sufuria na kwa kucha, na kabla sala haijafika amina filimbi ikapigwa, watu wakapanda mbio. Ngalula alichungulia dirishani apate alama ya kukumbuka, mti, jiwe, chochote. Aliona majani, kisha majani mengine.

Hayo hakuwa akimsimulia mtu. Hata Plamedie aliambiwa tu kwamba bibi alikufa safarini. Mtu akimuuliza zaidi, Ngalula alikuwa na namna yake ya kuinua chungu mekoni na kukitazama ndani, na muulizaji akajua mlango umefungwa.

Basi mwaka huu, wiki moja kabla ya siku hiyo, Léonard alimsubiri nje ya kanisa akamwambia kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, "Asubuhi ya wazazi usifue. Kuya na miye. Iko kitu nataka kukuonyesha. Kisha ndio utanijibu."

Jibu lenyewe lilikuwa la ndoa. Ndiyo, ndoa, tena kwa watu wenye mvi; anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Léonard alikuwa ameomba tangu Pasaka, Ngalula akawa anajibu "tutaona", na parokia nzima ya Ruashi ilikuwa imechoka kuona.

Ilikuwa mara ya pili kumwomba. Mara ya kwanza walikuwa vijana wa kwaya moja, yeye akiimba besi huko nyuma, Ngalula mbele na wasichana. Léonard alikuwa mtoto wa mzee Numbi wa reli, Wakatoliki wa Katanga ya kaskazini, familia ya sala na filimbi za treni. Mahari ilishaanza kuzungumzwa. Kisha mji ukageuka. Jirani aliyekuwa akiazima chumvi akaanza kuuliza mtaondoka lini. Casimir akafunga cherehani yake kwa shuka, na jamaa nzima ikaenda kulala kwenye kituo cha treni pamoja na maelfu ya wengine, wakingojea treni isiyo na saa. Hapo ndipo Mama Ntumba alipoanza homa.

Padre mmoja mzee alitafuta njia. Ndoa ifungwe Jumamosi, asubuhi na mapema, bila ngoma wala keki. Ngalula akishakuwa mke wa mtoto wa Numbi, nani angemfukuza? Na mama mgonjwa angelala kwa wakwe mpaka apone. Léonard aje Ijumaa na pikapu ya baba yake kuwachukua. Ijumaa ilifika. Ngalula alivaa gauni lake la kwaya, akakaa juu ya mzigo akitazama barabara mpaka shingo ikamuuma. Pikapu haikuja. Usiku ikaja treni.

Aliolewa Mwene-Ditu na mtu mwema, akamzika, akarudi Lubumbashi na Plamedie mkononi, kwa sababu mji uliokufukuza unaweza bado kuwa ndio mji wako. Aliuza vitenge katikati ya mji, akajenga vyumba viwili Ruashi, tofali baada ya tofali, karibu na mgodi, ambako vumbi huingia hata kwenye sukari. Jumapili ya kwanza kanisani alisikia besi nyuma yake. Hakugeuka. Miguu ndiyo iliyomjulisha, maana ilikataa kusimama wakati wa Injili.

Léonard alikuwa mwalimu mstaafu, mjane wa mke aliyeitwa Virginie, kichwa cheupe, koti moja la Jumapili zote. Ngalula alimpa kisogo. Na hapa ni lazima nieleze kidogo desturi ya misa yetu. Kwetu toba huja baada ya mahubiri: padre anatunyunyizia maji, tunapeana mikono ya amani, na hapo ndipo sadaka hupelekwa mbele. Mwenye kinyongo hana njia ya kujificha. Humalizi kumkwepa mtu, mara umeitwa kubeba sadaka mbele ya Mungu. Ngalula alikuwa kati ya akina mama wanaopanda na sadaka wakicheza, beseni la unga kichwani. Kwa hiyo alikaa benchi la mlangoni, mbali na Léonard, akapeana amani na wale waliokuwa karibu, na kujiambia kwamba mikono ya mtu haiwezi kufika kila mahali.

Léonard hakumsumbua. Siku moja tu, mvua ilipong'oa bati la jikoni kwake, alikuja na ngazi bila kuitwa, akapanda, akapigilia, akashuka, akasema akiwa bado na misumari mdomoni: "Njia ilifungwa. Bale bavijana ya fimbo balifunga barabara. Sikuweza kupita."

Ngalula alikaa na maneno hayo muda mrefu. Vijana wenye fimbo aliwaona mwenyewe mwaka ule, nani asingeogopa? Akaanza kusogea kanisani upande wa Léonard, benchi moja mbele, miezi kadhaa baadaye benchi lingine. Wakati wa kurudi nyumbani Léonard alimbebea beseni tupu, tena kichwani, mwalimu mzima, watoto wa Ruashi wakimfuata na kumpigia makofi. Ngalula alimpikia bukari, ugali wetu, na dagaa wa kapenta. Alianza kuchagua kitambaa cha kichwa siku za Jumapili. Pasaka ile alimpa mkono wa amani, ncha za vidole tu, na Léonard aliushika kama mtu aliyepewa yai la moto. Ngalula alimpenda. Aibu ilimshika kumpenda katika umri ule, lakini alimpenda, na alikuwa amekata kauli: baada ya siku ya wazazi angesema ndiyo.

Asubuhi yenyewe ilikuwa na baridi kali ya Agosti na upepo wa vumbi. Léonard alikuja na jembe, dumu la maji, nyundo na kopo la rangi. Walipita nyumba mpya zinazozidi kuyasogelea makaburi, nyingine zimekwisha kuweka ukuta wa jiko juu ya watu. Kila mahali jamaa walikuwa wakifyeka na kusalimiana. Ngalula alidhani anapelekwa kwa Virginie, kumwomba ruhusa marehemu, na alikuwa ameandaa hata maneno ya heshima. Kweli walisimama hapo kwanza. Léonard alipalilia, akamwaga maji, akasema sala fupi. Kisha akabeba jembe na kuendelea mbele.

Alimpeleka mpaka pembeni kabisa, kwenye safu ya vilima vidogo visivyo na simenti. Vingine vilikuwa vimesawazika na ardhi. Kimoja tu kilikuwa kimetunzwa, kimezungushiwa mawe meupe, na juu yake msalaba wa mbao uliopakwa rangi ya njano. Wa mbao, kwa sababu wa chuma ungeng'olewa na kuuzwa kwa kilo. Herufi zilikuwa za mwalimu, zimenyooka: NTUMBA MARIE. MAMA.

Léonard alivua kofia. "Mama Ntumba, yambo," akasema. "Leo nimemuleta."

Ngalula aliusoma msalaba, akausoma tena. Hakuna kilichokuja akilini isipokuwa majani ya dirishani.

"Treni yenu kwisha kwenda, nilikuya kutafuta," Léonard alisema, akiwa amepiga magoti na kuanza kung'oa nyasi kavu kwa mkono. "Nilijua mama alikufia pale ku gare, ku kituo ya treni. Muzikaji alinionyesha huu mustari, aliniambia bantu ya gare bote balizikwa hapa. Nikamuuliza mama mugonjwa, mama ya Kasai, na kitenge ya manjano. Akasema ndio huyu. Tangu ile mwaka, kila siku ya wazazi nakuyaka. Muchwa banakula musalaba, natengeneza mwingine. Namuambiaka yote. Ndoa yangu, batoto, kufa ya Virginie. Na kila mwaka namuomba pardon, musamaha. Pardon yako niliogopa kuomba, Ngalula. Ndio nilikuwa naiomba kwake."

Yaani alikuwa amekosea kaburi. Ngalula alihisi kicheko kinampanda kifuani, kicheko kibaya, akaziba mdomo kwa kiganja, na Léonard akadhani analia. Zaidi ya miaka thelathini mzee huyu alikuwa akija na jembe lake, kwenye baridi hii, kumlilia mama wa watu wengine. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia, siku moja wakirudi kutoka kanisani, "Mama alikufa kabla hatujafika," na hakuongeza neno. Sasa neno moja tu lingetosha kumvunja. Ngalula alilisikia neno hilo liko tayari ulimini, na akalimeza. Nyamaza, alijiambia. Mwache na msalaba wake. Sijui kama aliwahi kumpenda mtu kama alivyompenda Léonard dakika ile, magoti yake vumbini na koti la Jumapili likiburuza.

Alichuchumaa naye akashika nyasi. Wakang'oa pamoja, bega kwa bega. Léonard akafungua kopo la rangi.

"Sababu ya nini njano?" Ngalula aliuliza, kwa sauti ya upole, kwa kuuliza tu.

"Sababu ya ile kitenge walimufunika nayo. Ya manjano, na bandege ya bluu."

Mikono ya Ngalula ilisimama. Kitenge kile alikikumbuka. Hakikuwa cha kwao. Mchana wa Ijumaa ile jua lilikuwa kali kituoni, na Mama Claudine wa mkeka wa pili aliwaazima kitenge chake cha ndege, Ngalula akamfunika nacho mama yake mpaka usoni ili apate kivuli asinzie. Jioni alikirudisha. Kilikuwa juu ya mama yake mchana mmoja tu, mchana ule ule aliokaa juu ya mzigo kutazama barabara.

"Nani alikuambia ya bandege?"

"Muzikaji."

"Muzikaji aliona wapi kitenge ya Mama Claudine? Tulimurudishia yeye kabla ya treni kukuya."

Léonard aliinamia kopo. Alikuwa akikoroga rangi kwa kijiti, akakoroga, akakoroga, rangi imekwisha kukorogeka zamani.

"Léonard. Ulifika ku gare."

Kijiti kilisimama. Mbali kidogo familia fulani ilikuwa ikiimba wimbo wa kanisani kwa furaha, wameanza juu mno na sauti zinawaponyoka.

"Nilifika," alisema mwishowe. "Barabara ilifungwa kweli, lakini walinipitisha. Waliniona niko mutoto ya Numbi. Niliacha pikapu mbele ya reli, nikaingia na miguu. Nilikuona. Ulikuwa na ile gauni ya kwaya. Ulikuwa unamuvutia mama kitenge mupaka ku uso, polepole, vile banafunikaka muntu mwenye kufa. Nikasema, amekwisha kufa. Nikasema, nitamuambia nini sasa huyu Ngalula? Nitamuleta kwetu na kilio, si na ndoa? Na bantu bale bote balikuwa banaanza kunitazama. Nilikuwa karibu, Ngalula. Kama ungegeuka kichwa ungeniona. Niliogopa ugeuke. Nikarudi."

"Na ile ya njia ilifungwa?"

"Niliongopa."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayofanya mtu akae kimya kama anayesikiliza redio. Ngalula alikaa hivyo. Aliona mambo yote mawili kwa pamoja: kosa lake Léonard, na lile kosa la kijinga ndani ya kosa, kwamba hata kukimbia alikimbia kwa kuona vibaya. Neno alilolimeza lilirudi lenyewe.

"Alikuwa muzima," alisema.

Léonard aliinua uso.

"Nilimufunika sababu ya jua. Alikuwa amelala. Alikufa mu treni, ng'ambo ya Kamina kule, baba akamuzika mu pori na sufuria. Na kabla ya kufa aliniuliza. Aliniuliza kama pikapu imefika. Nikamudanganya, nikamuambia iko inakuya." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Huyu hapa si mama yangu. Sijue ni mama ya nani."

Léonard alibaki na kopo mkononi. Rangi ilikuwa inammwagikia kiatuni na hakuiona.

"Basi hakunisikia," akasema. "Hii miaka yote."

"Hakukusikia."

Ngalula aliushika msalaba kwa mikono miwili, akautikisa, akaung'oa. Mbao zake chini zilikuwa zimeliwa na mchwa, ulitoka upesi. Akauweka begani na kuondoka, akapita katikati ya watu wenye ndoo na vicheko, rangi mbichi ikimpaka shingoni. Hakugeuka nyuma. Wengine walimpisha njia wakidhani ana msiba mpya.

Plamedie alikuwa amekwisha kuchinja kuku. Alimwona mama yake anaingia na msalaba wenye jina la bibi yake, akafungua mdomo, na Ngalula akaenda moja kwa moja kwenye chungu, akakifunua, akakitazama ndani. Mlango umefungwa. Msalaba ulisimamishwa nyuma ya mlango wa jikoni, penye ufagio.

Ndoa ilikuwa imekufa, hilo halikuhitaji kutangazwa. Jumapili iliyofuata Ngalula alirudi benchi la mlangoni. Alimchukia Léonard kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi ya ujira. Akiwa dukani alimchukia, akipika alimchukia, na jioni akirudi kutoka mjini, beseni likiwa zito, alikasirika zaidi kwa sababu shingo yake ilimkumbuka. Mama yake angekuwa hai. Labda angekuwa hai. Homa ile iliponyeka kwa wengine waliopata kitanda na dawa. Hatua chache, pikapu iko pale nje, na mtu akageuka kurudi kwa sababu ya kuogopa macho. Ngalula alilia kwa hilo kuliko alivyolia porini, maana porini hakupata nafasi.

Lakini msalaba ulikuwa nyuma ya mlango, na kila asubuhi akichukua ufagio alisoma NTUMBA MARIE. Siku moja alijikuta amekaa chini mbele yake. Baba yake hakuwahi kuliandika jina lile mahali. Yeye mwenyewe hakuwahi. Hakuna jiwe, hakuna kitabu cha parokia kilichobaki, hakuna hata picha. Katika dunia nzima jina la mama yake liliandikwa kwenye mbao hizi tu, na aliyeliandika, na kuliandika upya kila mchwa walipolila, ndiye huyo huyo aliyemwacha. Ngalula alitafuta mahali pa kuweka jambo hilo moyoni akakosa. Halikupunguza kosa, na halikukubali kuondoka.

Na tena yule mwingine. Kule pembeni kulikuwa na mama wa watu aliyezoea kufanyiwa usafi kila mwaka, akiitwa kwa jina lisilo lake, na sasa kilima chake kilibaki kipara na shimo la msalaba katikati. Hakuwa amemkosea mtu.

Kanisani besi ilikuwa imepotea. Mwanzoni Ngalula alijifanya hajui. Kwaya iliimba, na chini ya wimbo palikuwa wazi kama nyumba iliyotolewa fanicha. Akauliza, kwa mzunguko, akaambiwa kwamba Papa Léonard huja kila Jumapili, hukaa bila kuimba mpaka mwisho wa mahubiri, na padre akianza kunyunyiza maji ya toba anatoka nje kwa mlango wa pembeni. Hapokei amani ya mtu, wala hapeani. Hapokei komunio. Hajamwambia mtu sababu, anasema tu hawezi.

Jumapili ya mwisho wa Septemba joto lilikuwa limeanza, lile zito linalokuja kabla ya mvua. Ngalula alikuwa zamu ya sadaka. Maji ya baraka yalimdondokea usoni, akapeana mkono na wa kulia na wa kushoto, na kupitia mlango uliokuwa wazi aliona koti lile linakwenda zake. Ngoma zikaanza. Akina mama wakajipanga, wakaanza kupanda wakicheza, mabeseni vichwani. Ngalula aliweka la kwake kichwani, akainua mguu, na mguu ukakataa, kama ulivyokataa zamani wakati wa Injili. Aliyekuwa nyuma yake alimsukuma kidogo: "Mama Plamedie, endelea." Ngalula alitoka kwenye mstari. Alitoka nje na beseni lake la unga kichwani, watu wakimtazama, na mbele kule padre akimtazama pia.

Léonard alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali ya ukuta ambao parokia haijawahi kuumaliza. Alipomwona alisimama haraka kama mwanafunzi aliyekutwa.

"Sema," Ngalula alimwambia.

"Niseme nini?"

"Ile ulikuwa unamuambia muntu mwingine. Yeye hakukuomba umuambie. Miye niko hapa. Sema na miye."

Léonard alishika matofali. Alianza na njia, akaiacha. Alianza na baba yake Numbi, akamwacha naye. "Nilikuona," alisema. "Mama yako alikuwa muzima na nilimuacha. Weye nilikuacha. Hakuna muntu alinizuia, hakuna fimbo. Kisha nikakuongopea ku nyumba yako, na misumari ya bati yako mu kinywa." Machozi yalikuwa yakishuka na hakuyapangusa. "Ndoa siombi tena. Naomba pardon, Ngalula. Kama hauna, ni sawa, lakini naiomba kwako."

Ngalula alingoja moyo wake ulainike, kwa maana ndivyo wanavyosema huwa. Haukulainika. Ulikuwa pale pale, mzito, na ndani yake mama yake akiuliza kama pikapu imefika. Alimtazama mzee huyu anayelia, akajua kwamba akimpa kisogo sasa atakuwa amefanya alichofanyiwa, na akajua pia kwamba kumpa mkono hakutamrudisha mtu. Alimchukia na alimpenda, vyote vikiwa na nguvu zilezile, na ngoma zilikuwa zinaendelea ndani.

Alinyoosha mkono. Mkono mzima, si vidole.

"Amani ya Kristo," akasema. "Ya leo nimekusamehe. Ya kesho sijue. Kesho utaniomba tena."

Léonard aliushika bila kuamini. "Na kesho kutwa?"

"Na kesho kutwa utaniomba. Kila siku nikiamuka na ile treni mu kichwa, utaniomba."

"Mupaka lini?"

"Mupaka mumoja wetu akufe. Utaweza?"

"Nitaweza," Léonard alisema, kwa sauti ambayo haikuwa besi tena. "Mupaka kufa."

Walisimama hivyo, mkono kwa mkono, wala hapakuwa na furaha yoyote usoni mwao. Ungewaona ungedhani wanapeana rambirambi. Ndani ngoma zilinyamaza.

"Kesho kuya na nyundo," Ngalula alisema. "Musalaba iko kwangu, nyuma ya mulango. Yule mama ya bantu amebaki bila kitu sababu ya hasira yangu."

"Nifute jina?"

Ngalula alifikiri. Beseni lilikuwa linamuuma kichwani na hakulishusha.

"Uache. Mama yangu hana mahali pengine. Watakaa babili."

Léonard alimtua beseni, akaliweka kwenye kichwa chake cheupe, wakarudi ndani. Walikuwa wamechelewa. Sadaka zilikwisha kupokelewa, padre alikuwa ananawa mikono, na hapakuwa na mtu wa kupokea unga wao. Wakasimama nyuma kabisa, karibu na mlango, beseni sakafuni katikati yao, wakangoja misa iishe.